Nani Anashika Saa ya Bunge? Mjadala wa Msamvu

Barabara itokayo Dar es Salaam hufika Msamvu, mjini Morogoro, ikagawanyika: mkono mmoja unakwenda Dodoma, mwingine Iringa na Mbeya. Kabla treni ya SGR haijaanza kubeba abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, yeyote wa Bunge aliyetoka pwani kwa barabara, awe mbunge, mwandishi wa habari au mwanaharakati mwenye bango lake, alipita hapa. Kwa hiyo si ajabu kuwakalisha watu watatu kwenye benchi la stendi hii na kuwaacha wabishane juu ya kanuni za kupiga kura. Watu hao ni wa kubuni, ndiyo maana hawana majina. Mwalimu ni mstaafu aliyefundisha uraia maisha yake yote, na bado huongea kana kwamba ubao uko nyuma yake. Binti anasoma sheria Chuo Kikuu cha Mzumbe. Mama ni mwenyeji wa Matombo, kule upande wa pili wa milima ya Uluguru, na anasubiri gari lenye mzigo wake wa ndizi. Mambo wanayoyataja si ya kubuni: yametokea, mengi Dodoma, mengine Nairobi, Kampala na ng'ambo. Nami sitajificha nyuma yao. Mmoja akizidisha, nitasema.

MWALIMU: Nianze na hesabu ya darasa la nne. Watu kumi wana shauri, sita wanasema ndiyo, wanne wanasema siyo. Shauri limepita. Wahenga walishatufungia mjadala huu: wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Sasa huko bungeni kumezuka watu wanaodhani kazi ya wachache ni kuwazuia wengi wasifanye walichotumwa na wapiga kura. Anasimama mmoja, "Mwongozo wa Spika!" Anakaa, anasimama mwenzake, "Kuhusu utaratibu!" Wa tatu ana taarifa. Wa nne ameshika shilingi ya mshahara wa Waziri na haiachii mpaka aelezwe habari ya kisima cha kijijini kwake. Jua linazama na kifungu ni kile kile. Tena hawa wetu ni wanagenzi. Mwaka 1957 Seneta Strom Thurmond wa Marekani alisimama akahutubia saa 24 na dakika 18 ili kuzuia sheria ya haki za kiraia za watu weusi. Mtu mmoja! Ukiniambia kuchelewesha ni demokrasia, nitakuuliza: demokrasia ya nani, wakati wengi wameshaamua?

BINTI: Shikamoo Mwalimu. Hesabu yako ni sahihi, ila umeruka swali linalotangulia hesabu: wengi kati ya nani? Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema akidi ni nusu ya wabunge wote, na jambo la kawaida linaamuliwa kwa wingi wa kura za waliopo na kupiga kura. Chukua Bunge la watu 400. Mia mbili wakiwa ndani, akidi imetimia, na kura 101 zinatunga sheria ya nchi nzima. Hiyo ni robo na mtu mmoja. Lakini ukitaka kubadili Katiba yenyewe, kipimo kinageuka: theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliopo. Na mambo fulani ya Muungano yanahitaji theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Ukumbi ni ule ule na watu ni wale wale, ila mbunge anayetoka nje kwenye muswada wa kawaida amejifuta kwenye hesabu, na anayetoka nje kwenye mabadiliko ya Katiba amepiga kura ya hapana bila kufungua mdomo. Kwa hiyo "wengi wape" ni sawa, Mwalimu, ila kwanza tuambiane wengi ni wangapi na wanahesabiwa kutoka wapi.

Hapa nasimama na Binti, maana watu wengi huliona jambo hili kama ufundi wa makarani. Bunge Maalum la Katiba la mwaka 2014 ndilo lililolitoa ukumbini likaonekana na kila mtu. Lilianza Februari, na wiki zake za mwanzo ziliishia kwenye kanuni: kura iwe ya wazi au ya siri? Wananchi walikereka, posho zinalika na Katiba haijaguswa. Lakini waliobishana walijua wanachokigombania. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ilidai kila upande wa Muungano upitishe rasimu kwa theluthi mbili ya wajumbe wake wote. Zanzibar ilikuwa na wajumbe 219, kwa hiyo kura 146 zilihitajika. Tarehe 16 Aprili, wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walipotoka ukumbini, hawakuwa wamesusa tu kama wasusavyo kwenye bajeti. Kwa kipimo kile, kila kiti cha Mzanzibari kilichobaki kitupu kilikuwa kura ya hapana. Tangu hapo shughuli kubwa haikuwa tena kumshawishi aliyetoka, ilikuwa kutafuta kila aliyebaki, popote alipo. Kanuni zikarekebishwa ili wajumbe waliokuwa nje ya nchi, wakiwemo waliokwenda Hija, wapige kura huko huko. Tarehe 2 Oktoba ilipotangazwa kwamba rasimu imepita, upande wa Zanzibar ulikuwa umevuka mstari kwa kura za kuhesabika kwenye vidole vya mkono mmoja. Mtu anayesema kanuni ni mambo ya karatasi angesimama mlangoni siku ile akaangalia watu wazima wakihesabu vichwa.

MWALIMU: Vizuri. Basi nami nitakupeleka Nairobi kwa hesabu yako hiyo hiyo, uone mwiba wake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema wazi kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa. Ikabaki kuweka utaratibu wa kulifanikisha hilo bungeni, na utaratibu ule ulihitaji kura 233 kati ya wabunge 349. Aprili 2016 waliosema ndiyo walikuwa 195, waliosema hapana 28. Sikiliza hapo, binti yangu: 195 kwa 28! Kwenye mpira ungesema timu moja imekimbia uwanja. Na muswada ulianguka. Wiki iliyofuata ukarudishwa, ukapata 178. Februari 2019 wakajaribu tena, safari hii hata wa kuupigia kura hawakutosha, ndani walikuwa 174. Mbunge wa kiume aliyeogopa kuonekana anawapinga wanawake hakuwa na haja ya kusema hapana. Alikwenda kunywa chai. Mpaka Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais alivunje Bunge lote, na Bunge halikuvunjwa. Hiyo ndiyo theluthi mbili ya wanachama wote: inamficha mwoga, na wachache wanaikalia haki ya wengi bila kutoa sababu.

Hoja hii ni nzito, na sioni vema kuipita kwa mbio. Mwalimu amegusa kasoro ya kweli: kipimo kinachohesabu viti badala ya watu kinamlipa mtoro. Lakini tazama kosa liko wapi. Haliko kwenye ukubwa wa theluthi mbili. Liko kwenye ukimya. Kama kila aliyekosekana angesomewa jina lake na kuandikwa kwamba alikuwa wa upande wa hapana, chai ile ingekuwa chungu. Kipimo kikubwa kwa mambo makubwa kina sababu yake: Katiba isibadilishwe na robo ya Bunge na mtu mmoja, Jumatano jioni, wakati wengine wako njiani kurudi majimboni. Waganda nao wana funzo upande huu. Tarehe 1 Agosti 2014 Mahakama yao ya Katiba iliifuta sheria dhidi ya ushoga kwa sababu moja tu, kwamba ilipitishwa Desemba 2013 bila akidi, na Spika alipoelezwa kwamba akidi haijatimia hakusimamisha shughuli ahesabu. Majaji hawakugusa kama sheria ile ni njema au mbaya. Mwaka 2023 Bunge likatunga nyingine. Unaweza kuwa upande wowote wa suala lenyewe na bado ukakubali kwamba akidi ilifanya kazi yake: haikumzuia mwenye wingi, ilimwambia arudi akiwa na watu wake.

BINTI: Nami naona tumekaa sana kwenye kura, wakati kura ni dakika tano za mwisho. Kabla ya kura kuna saa, na hapo ndipo Mwalimu anaponishangaza. Anamlaumu mbunge anayeomba mwongozo mara tatu, hamlaumu anayeleta muswada Jumatatu ili upite Jumamosi. Kanuni zinataka muswada utangazwe kwenye Gazeti la Serikali siku zisizopungua 21 kabla ya kuingia bungeni, watu wausome. Lakini ipo Hati ya Dharura. Rais akiweka saini, zile siku 21 zinayeyuka. Hapa Msamvu tunawajua wapiga debe: "Inaondoka sasa hivi, panda mama, siti ya mwisho!" na gari halina hata dereva. Hati ya Dharura mara nyingi ni mpiga debe aliyevaa suti. Julai 2015, Bunge likiwa linaelekea kuvunjwa kwa uchaguzi, miswada mitatu ya mafuta, gesi na uwazi kwenye uziduaji ililetwa kwa dharura. Wapinzani wakapiga kelele kwamba mambo ya rasilimali za vizazi hayajadiliwi kwa siku kadhaa, baadhi yao wakatolewa na kusimamishwa, miswada ikapita. Julai 2017 ikaja mingine mitatu kuhusu utajiri wa asili na mikataba, nayo kwa dharura, na mmoja wao ukaenda kuifumua Sheria ya Petroli ya mwaka 2015. Dharura ikashona, dharura ikafumua, miaka miwili tu. Sasa nani alipoteza muda wa Bunge?

MWALIMU: Unasahau mambo mawili. Kwanza, wingi wa wabunge ungeweza kuikataa miswada ile na haukuikataa. Pili, Serikali isiyo na saa haiwezi kutawala. Bajeti lazima ipite kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Ndiyo maana kuna gilotini: muda wa Kamati ya Matumizi ukifika, vifungu vilivyobaki vinapitishwa kwa pamoja bila mjadala, shilingi iwe imeshikwa au haijashikwa. Bila hivyo walimu hawalipwi. Waingereza wenyewe walijifunza kwa maumivu. Mwaka 1881 wabunge wa Ireland, akina Parnell na Biggar, waliongea kwa zamu kupinga muswada mmoja, kikao kikaendelea saa 41, mpaka Spika Brand akainuka asubuhi ya tarehe 2 Februari akasema basi, kura ipigwe. Tangu siku ile Bunge lao likaanza kutunga kanuni za kufunga mjadala. Hilo ndilo Bunge mama wa mabunge, na lilikataa kushikwa shingo na wachache wenye mapafu makubwa.

Mwalimu ameipata nusu ya habari ya 1881. Ni kweli kwamba kanuni za kufunga mjadala zilizaliwa pale. Lakini Waingereza hao hao, walipokuja kuipunguzia Nyumba ya Mabwana nguvu zake, hawakuiondolea uwezo wa kuchelewesha. Sheria ya 1911 iliwapokonya mabwana wale kura ya turufu kwa miswada ya kawaida, ikawaachia ucheleweshaji wa miaka miwili. Ile ya 1949 ikaupunguza kuwa mwaka mmoja. Maana yake: mchelewesho una tarehe ya mwisho. Anayepinga anajua muda wake wa kuwashawishi watu, na anayetaka sheria anajua siku atakayoipata. Katiba yetu inalo wazo hilo hilo, ingawa imelielekeza kwa mtu mmoja tu. Rais akikataa kuridhia muswada, hauwezi kurudishwa kwake kabla ya miezi sita, na ukirudi lazima uwe umeungwa mkono na theluthi mbili ya wabunge wote; baada ya hapo Rais ana siku 21 za kuridhia au kulivunja Bunge. Kwa hiyo waandishi wa Katiba hawakuona kuchelewesha ni dhambi. Walimpa Rais haki ya kuchelewesha, na kwa Hati ya Dharura Rais huyo huyo ana uwezo wa kuharakisha. Funguo mbili za saa moja, zote mfuko mmoja. Mbunge wa upande wa wachache hana hata moja. Anachobaki nacho ni mlango wa kutokea.

Na mlango huo, kwa muswada wa kawaida, ni silaha isiyo na risasi. Mwaka 2016 wabunge wa upinzani walisusia vikao vilivyoongozwa na Naibu Spika Tulia Ackson kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Juni ikaisha, na bajeti ikapita kama maji kwenye mfereji. Kwa kuwa hesabu ni ya waliopo, kususa kwao kulirahisisha kazi ya waliobaki. Wakati mwingine mlango umezaa matunda, ila nje ya ukumbi. Habari ya Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ndiyo ninayoiona fasaha kuliko zote. Aprili 2011 muswada wake uliletwa kwa Hati ya Dharura, tena kwa Kiingereza, katika nchi ambayo Katiba ni ya watu wanaoongea Kiswahili. Mikutano ya kukusanya maoni ikachafuka Dar es Salaam, Dodoma na Zanzibar. Serikali ikarudi nyuma, dharura ikaondolewa, muswada ukatafsiriwa. Ule mchelewesho wa miezi michache ulitupa muswada ambao mwananchi angeweza kuusoma. Sijui nani leo angesimama aseme ulikuwa upotevu wa muda. Novemba ukarudi, wabunge wa chama cha upinzani cha CHADEMA wakatoka nje, ukapitishwa bila wao. Siku chache baadaye viongozi wao walikuwa Ikulu wakizungumza na Rais Kikwete, na Februari 2012 Bunge likaibadilisha sheria liliyoipitisha miezi mitatu nyuma. Septemba 2013 yakaja mabadiliko mengine, safari hii hadi kukunjana mashati ukumbini Naibu Spika Job Ndugai alipoamuru kiongozi wa upinzani Freeman Mbowe atolewe nje, wapinzani wakatoka, muswada ukapita, na mazungumzo yakahamia Ikulu tena. Wabunge wakageuka mashahidi wa makubaliano yaliyofikiwa kwenye makochi ambako mwandishi wa Hansard hakualikwa.

MAMA: Mnisamehe, mimi si msomi wa kanuni. Ila mnavyosema kucheleweshwa, sisi wa Matombo tunalijua neno hilo kwa jembe. Zamani za Mwingereza, miaka ya hamsini, uliletwa mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru. Kila mtu achimbe matuta ya ngazi mlimani. Amri zilipita kwa wakubwa wa utawala wa wenyeji, ndiyo, ndiyo, mara moja, hakuna aliyeshika shilingi pale. Nani angeshika? Lakini bibi zetu walikuwa wanajua mlima wao. Ukichimba ngazi kwenye mteremko mkali unafukua udongo mbaya wa chini na kuufukia ule wenye rutuba. Mahindi yakawa manjano. Watu wakachimba kidogo, wakachimba vibaya, wakaugua siku ya kazi, wakaenda msibani. Mpaka Julai 1955, hapo Matombo, watu wakakusanyika kukataa, mawe yakarushwa, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Matuta yakaachwa. Kwa hiyo mkisema sheria ilipita haraka, mimi nauliza ilipita wapi. Barazani ilipita. Mlimani haikupita.

MWALIMU: Dada yangu, ile ilikuwa serikali ya mkoloni. Hakuna aliyemchagua. Huwezi kuifananisha na Bunge lililotokana na kura.

Mwalimu yuko sahihi kwamba tofauti ipo, na ni kubwa. Baraza lililowekwa na mkuu wa wilaya halikuwa na wingi wowote wa kuheshimiwa. Lakini hoja ya Mama haikusimama juu ya nani alichagua nani. Imesimama juu ya habari zinazokosekana. Bibi wa Matombo alikuwa na maarifa ambayo ofisi haikuwa nayo, na hapakuwa na hatua yoyote kati ya amri na jembe ambapo maarifa yale yangeweza kuingia. Upinzani haukufutwa, ulisukumwa mpaka mahali pa mwisho, shambani, ambako gharama yake ilikuwa maisha ya mtu. Bunge la kuchaguliwa linaweza kuwa na upungufu ule ule kwa muswada wa siku tano, kwa sababu mpiga kura hakumtuma mbunge wake juu ya muswada ambao haukuwepo siku ya kampeni. Siku 21 za kwenye Gazeti si pambo. Ndiyo njia pekee ambayo mtu wa Matombo, mvuvi wa Kilwa au mchimbaji wa Geita anaweza kusema "huo mteremko haufai" kabla jembe halijashuka.

BINTI: Na hata akisema, Mwalimu, mbunge wa chama kikubwa anayemwamini ataliinuaje? Umesema wingi ungeweza kukataa. Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, kiti hana. Chama kikimfukuza leo, kesho jimbo liko wazi. Akisema siyo kwa sauti, anajulikana. Ndiyo maana 2014 waligombana wiki kadhaa juu ya kura ya siri, wakaishia kwenye suluhu ya ajabu kwamba kila mjumbe achague mwenyewe, ya wazi au ya siri. Hapo anayechagua siri ameshajitangaza nusu. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alipiga kura ya wazi akazikataa baadhi ya ibara. Alitoka ukumbini akisindikizwa, na siku chache baadaye, wino wa rasimu haujakauka, Rais Shein wa Zanzibar alikuwa amemwondoa kazini.

MWALIMU: Na ukifanya kura zote ziwe siri, mpiga kura wa Kilosa atajuaje mbunge wake aliuza nini? Afadhali bajeti, kila jina linaitwa mtu anajibu mbele ya nchi nzima.

Kwenye hili sina jibu linalowatosha wote wawili, na siamini anayedai analo. Kura ya siri inamkinga mbunge dhidi ya chama chake na wakati huo huo inamficha dhidi ya wapiga kura wake. Kifungo si cha kura bali cha kiti: maadamu chama kinaweza kumvua mtu ubunge, kila kura ya wazi ni kura ya chama. Lakini mazingira hayo hayo yanaongeza thamani ya muda. Mbunge asiyeweza kusema hapana anaweza kusema "bado". Neno bado halimfukuzishi mtu. Tuliliona Aprili 2012. Baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuanika ubadhirifu kwenye wizara, mbunge wa upinzani Zitto Kabwe alikusanya saini za hoja ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Katiba inataka saini za asilimia 20 ya wabunge wote. Zikapatikana zaidi ya 70, na kati ya waliosaini alikuwemo Deo Filikunjombe wa Ludewa, mbunge wa CCM. Spika Anne Makinda akakumbusha kwamba taarifa ya siku 14 inahitajika, na mkutano ule ulikuwa unafungwa. Hoja ikafa kwa kalenda, hakuna kura iliyopigwa. Ila tarehe 4 Mei Rais alitangaza baraza jipya na mawaziri sita hawakuwemo. Tazama jinsi mambo yalivyokwenda: kizuizi kidogo cha wachache, asilimia 20 tu, kiliwapa wabunge wa chama tawala mahali pa kusimama bila kupiga kura dhidi ya Serikali yao, nacho kizuizi cha siku 14 kiliipa Serikali nafasi ya kujirekebisha bila kuanguka. Pande zote mbili zilipata muda, na kila upande uliutumia.

Kwa hiyo ninachokitetea si Thurmond na saa zake 24. Kule Seneti ya Marekani mjadala haukuwa na mwisho mpaka theluthi mbili waufunge, na baadaye, tangu 1975, maseneta 60 kati ya 100. Kwa miongo kadhaa kanuni ile ilitumika kuzika sheria za haki za raia weusi. Mchelewesho usio na mwisho ni kura ya turufu iliyobadilishwa jina. Ninachokitetea ni mchelewesho mfupi, wenye tarehe, ulio mikononi mwa wachache kwa idadi maalumu. Asilimia 20 tayari tunaijua na Katiba inaiamini kwa jambo zito kama kumng'oa Waziri Mkuu. Basi waachiwe hao hao asilimia 20 wa wabunge wote uwezo wa kudai, kwa maandishi na mara moja tu kwa kila muswada, siku 21 za kuchapishwa zirudi hata kama kuna Hati ya Dharura. Miswada ya bajeti iachwe nje ya kanuni hii, maana walimu wa Mwalimu lazima walipwe. Na Serikali ikiwa na dharura ya kweli, mafuriko au vita, iruhusiwe kuuvunja mchelewesho huo kwa theluthi mbili ya wabunge wote, majina yakiitwa moja moja, na asiyekuwepo aandikwe hakuwepo.

MWALIMU: Unajenga nyumba kwenye kiwanja kisicho na watu. Tangu uchaguzi wa Oktoba 2020 upinzani bungeni ni wa kuhesabika. Hiyo asilimia 20 itatoka wapi?

BINTI: Saini za 2012 zilitoka pande zote mbili, Mwalimu.

MWALIMU: Ule ulikuwa wakati mwingine.

Hilo ndilo pingamizi ninaloliogopa kuliko mengine, kwa sababu halijibiwi kwa kanuni peke yake. Chama kimoja kikishika karibu viti vyote, theluthi mbili ni kazi ya asubuhi moja na akidi haimtishi mtu. Walakini hata Bunge la namna hiyo lina migawanyiko yake, ya majimbo, ya mazao, ya Bara na Visiwani. Agosti 1993, Bunge ambalo wajumbe wake wote walikuwa wa CCM lilipitisha hoja ya wabunge 55 waliotaka Serikali ya Tanganyika. Ikachukua mwaka mmoja, na nguvu zote za Mwalimu Nyerere kupitia vikao vya chama, kuirudisha nyuma. Ndani ya chama kimoja kulikuwa na watu wa kutosha kusema ndiyo na wa kutosha kusema bado. Kilichokosekana ni mahali pa kusemea bado hiyo hadharani, kwa saini na tarehe, badala ya kwenye vikao vya ndani.

MAMA: Huyu mwenye Hija alihesabiwa akiwa Makka, na aliyetoka mlangoni akahesabiwa akiwa nje. Mimi niliyeko hapa Msamvu, huo muswada wa siku tano nahesabiwa lini?

MWALIMU: Siku ya uchaguzi, dada.

MAMA: Miaka mitano?

Mwalimu akafungua mdomo, akaufunga, kisha akamuuliza Binti kama zile siku 21 zinahesabiwa na Jumapili.